Kuchanganya RAM Si Ushamba

Saa hii hapa London ukitaka kuringia wasee, wachana na sneakers. Wachana na ile puffer ya kukopa. Ringa na RAM. Katikati ya 2025, seti ya 32GB ya DDR5 ulikuwa unaibeba na chini ya pauni 100, na ganji ya kuku na chips inabaki kwa mfuko. Kufika Disemba, seti ile ile, boksi ile ile, bei ilikuwa imepita mara mbili. Ndani hakuna kitu imeongezwa. Hata sticker hawajabadilisha.

Nani ametuchoma? AI, manze. Memory ya dunia hii karibu yote inatoka kwa makampuni tatu: Samsung na SK Hynix huko Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zote zimenusa doh iko kwa madata senta za AI, zikageuza viwanda ziangalie huko. Sisi wa mtaa tumewachiwa makombo. Tarehe 3 Disemba 2025 Micron ikatangaza inazima Crucial, ile brand yake ya kuuzia raia, na mzigo wa mwisho ni Februari 2026. Crucial, buda! RAM ya kila msee ako na budget. Mwezi huo huo hata Raspberry Pi, wale wa Cambridge wenye kompyuta ndogo za bei ya mtoi wa shule, wakapandisha bei wakasema shida ni memory. DDR4 nayo, ile ya kitambo kidogo, haijapona. Viwanda vinaiacha pole pole, so mzigo unapungua na bei inapanda.

Sasa wewe uko keja, Barking ama Woolwich ama Tottenham, na desktop yako ya 8GB. Chrome ikifungua tabs chache inaanza kuhema. Gemu ikiload, unaenda kupika ugali, unarudi, bado inaload. Seti mpya nzima huwezi, landlord bado anakungoja. So unafikiria ile kitu kila msee anafikiria na anaogopa kuuliza: nikiokota stiki moja ya mtumba, niipachike kando ya hii yangu, itashika?

Itashika. Kwa desktop ya kawaida ya DDR4 ama DDR3, mara nyingi sana itashika. Usitishwe na wale ma-YouTuber wa kamera tatu wanakuambia ukichanganya umeua mashini. Wao wanapewa RAM za bure, watajua nini ya bei? Kuchanganya si ushamba. Ushamba ni kulipia spidi haujawahi kuiwasha. Ushamba ni kuwa na stiki moja kali imekaa solo kwa mazabodi ya sloti nne. Hiyo ndio aibu, na hapa London iko kwa keja nyingi kuliko unavyodhani.

Uncle na vifaa vyake

Kila fam ya Wakenya hapa Uingereza iko na Uncle wa kompyuta. Unamjua. Alifika kitambo, akafanya IT kwa ofisi fulani hadi wakamzoea, na tangu siku hiyo ni daktari wa laptop za ukoo mzima. Baada ya church ukimshow unataka kuongeza RAM, anakunja uso, anashika kidevu, anakuangushia: "RAM ni RAM, kijana wangu." Ukimletea chai amebadilisha gia: "Lakini usichanganye kampuni mbili, italipuka."

Chagua moja, Uncle.

Tuanze na ya kulipuka. RAM hailipuki. Samsung na Kingston zikikaa kando kando hazipigani. Ikifika mbaya PC inakataa kuwaka ama inaleta skrini ya bluu, unatoa hiyo stiki mpya, maisha yanaendelea. Jina la kampuni kwa sticker ndio kitu ya mwisho ya kukuwazisha.

Na RAM si RAM. Kuna vizazi, na vizazi havichanganyiki, full stop. DDR3 inakunywa volti 1.5, DDR4 inakunywa 1.2, DDR5 inakunywa 1.1. Cheki ule mstari wa dhahabu chini ya stiki. Kuna kapengo kamekatwa pale. DDR3 iko na pini 240. DDR4 na DDR5 zote ziko na 288, lakini hako kapengo kamehamishwa makusudi, juu wale engineers wanajua duniani kuna ma-Uncle. Stiki ikikataa kuingia kwa sloti, si ati haujakula. Imekataa. Usikalie, usigonge na kiatu, usiite jirani asaidie kusukuma.

Kujua yako ni kizazi gani si rocket. Ryzen ya soketi ya AM4, ile ilianza 2016, inataka DDR4. AM5 ya 2022 inataka DDR5 pekee. Intel kizazi cha 12 hadi 14 ndio inachanganya watu, juu prosesa inakubali DDR4 na DDR5 zote mbili, lakini mazabodi imechagua moja ikaoa. Ni mazabodi inaongea hapo, si prosesa. Na ile i5 kizazi cha nne ulipewa na cuzo akienda kununua console, hiyo ni DDR3.

Soma sticker, msee

Hapa ndio nataka utulie. Chukua stiki mkononi, ishike kwa pembe, usiguse dhahabu. Kwa ile sticker nyeupe kuna mstari wa maandishi kila mtu anaruka. Kwa stiki moja ya kawaida ya ofisi utapata hivi: 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-UA2-11.

Hiyo ni kitambulisho yake yote. 8GB unajua. 1Rx8 ni venye chips zimepangwa, na stiki ya 1R inakaa na ya 2R bila ngori, so tuiruke. PC4 ndio DDR4. PC3 ingekuwa DDR3, PC5 ingekuwa DDR5. 3200 ndio spidi. AA ni daraja ya taiming ya hiyo spidi.

Halafu ile herufi ya kwanza baada ya kistari kinachofuata, U. Hiyo U ndio inakuokolea ganji. U ni RAM ya desktop ya kawaida. Ukiona S, hiyo ni ile fupi ya laptop. Ukiona R, kimbia. R ni registered, imetolewa kwa seva, na desktop yako ya nyumbani haitaiwasha hata ukiiombea. Ndio maana unaona kwa Marketplace msee anauza 32GB ya DDR4 bei ya kutupa na picha za giza giza. Si ati ana roho safi. Mwambie akutumie picha ya sticker. Akianza kuzunguka, umeshajua ni R.

Kuna sticker zingine zinaandika PC4-25600 badala ya PC4-3200. Ni kitu moja. 3200 mara baiti nane ni 25,600, na hiyo ni megabaiti kwa sekunde. Lakini kuna wasee wanauza ya 25600 bei ya juu juu ati namba ni kubwa, na kuna wasee wananunua. London ni kubwa.

Ukinunua Corsair, kuna sticker ina neno "ver" na namba. Ikianza na 3, ndani mna chips za Micron. 4 ni Samsung. 5 ni Hynix. So unaeza kuwa na stiki mbili za Corsair, model ile ile, rangi ile ile, moja ya 2019 na moja ya 2022, na ndani ni familia tofauti kabisa. Sasa ule mjadala wa "nunua kampuni moja tu ndio ziskizane" unaenda wapi? Nyumbani kwa Uncle.

Ex-UK

Sasa cheki hii, juu inatuhusu damu damu. Windows 10 ilikatwa support tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukitoa vichache. So ofisi za City na Canary Wharf zikabaki na madesktop ya kizazi cha sita na saba, safi, hazina shida, lakini Microsoft imezikataa. Dell OptiPlex 7050 ya 2017 ni moja. Zinamwagwa. Zingine zinauzwa hapa hapa na bei ya viatu. Zingine zinaingia kontena, zinashuka Mombasa, zinapanda Nairobi, zinakaa kwa rafu za Moi Avenue na Luthuli zimeandikwa ex-UK. Ex-UK, manze! Mashini ilikuwa inafungua Excel ya msee wa tai, saa hii iko Luthuli ikipigwa bei. Biashara si ya jana: Computer Aid International, NGO ya hapa hapa London, imekuwa ikituma kompyuta zilizotumika Afrika tangu miaka ya tisini, na Kenya ilikuwa kwa list mapema.

Fundi wa Luthuli haogopi kuchanganya. Anaweka droo ya stiki za kila rangi mbele yake: Hynix, Samsung, Kingston, zingine sticker imeng'oka. Anachukua rubber ya penseli, ile ya mtoi wa primary, anafuta ule mstari wa dhahabu hadi unang'aa, anapuliza makombo, anapachika. Stiki nyingi zinadhaniwa zimededi na ni uchafu tu wa hapo. Halafu anawasha na anakucheki na macho ya "ulikuwa unasema?" Hiyo confidence ndio London imekosa. Mazabodi ni moja, imetoka hapa. Kwa nini ikishuka Mombasa inakubali mchanganyiko na ikiwa Hackney unaambiwa ni mwiko?

Ukiokota hiyo OptiPlex 7050, skiza. Na prosesa ya kizazi cha saba inaendesha DDR4 hadi 2400. Hapo ndio mwisho. Ukiiwekea stiki ya 3200 itawaka, itakuwa poa, lakini itatembea 2400. So usilipe premium ya 3200. Nunua ya pole, weka chenji kwa Oyster. Halafu hakikisha si ile Micro, ile ndogo ya kubandikwa nyuma ya skrini. Hiyo inakula stiki za laptop, zile za S. Msee akinunua za desktop aende nazo nyumbani kwa Micro, hiyo ni aibu ndogo ndogo ya kiwango cha group chat.

Spidi: nani anasubiri nani

Ukichanganya stiki mbili za spidi tofauti, zote zinashuka kwa ile ya pole. 2400 na 3200 zinakuwa 2400. Hakuna drama, mazabodi inapanga yenyewe ukiwasha.

Lakini kuna mtego hapa hata wajanja wanaanguka. Uko na stiki mbili, zote zimeandikwa 3200. Unapachika, unawasha, unafungua Task Manager, unapata 2400. Ama 2133. Unaanza kutusi aliyekuuzia. Tulia, hajakuibia.

Kuna 3200 mbili. Kuna ile ya ofisi, ya sticker nyeupe, inatembea 3200 kwa kawaida yake. Halafu kuna ile ya magemer, yenye nguo ya chuma, ambayo kawaida yake ni 2133 ama 2400 ama 2666, na ile 3200 imeandikwa kwa boksi ni ya XMP. XMP ni setting ya Intel imefichwa ndani ya stiki ikingoja uende BIOS uiwashe. Usipoiwasha, inalala. Ukichanganya hizo mbili bila kuwasha kitu, zinakutana penye zote zimezoea, na hapo ni chini. Kuna mamia ya wasee wamelipia 3600, wamepost picha, na PC imekuwa ikitembea 2133 tangu siku ya kwanza. Cheki yako leo. Task Manager, Performance, Memory. Namba iko hapo upande wa chini kulia.

Na ukitumia ile programu ya CPU-Z usishtuke ikikuonyesha 1600 na ulinunua 3200. DDR inatuma data mara mbili kwa kila pigo, so 1600 hapo ni 3200 yako, imekamilika. Msee amerudisha RAM dukani juu ya hiyo namba. Counter wakamuelezea mbele ya queue yote. Peak.

Kwa mchanganyiko, XMP ni bahati. Mazabodi inashika profaili ya stiki moja na kulazimisha zote, na ingine inaeza kukataa. Skrini inabaki nyeusi. Usilie. Zima, safisha CMOS kwa kutoa ile betri ya shilingi ama kwa kutumia ile jumper, washa tena, inarudi spidi ya chini. Halafu ingia mwenyewe, panda pole pole: 2666, kisha 2933, kisha 3200. Penye inaanza kuleta shida, rudi hatua moja, kaa hapo.

"Spidi ndogo, umepoteza," Uncle atasema. Haya, tufanye hesabu mbele yake. Stiki moja ya DDR4-3200 inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Stiki mbili zimechanganywa, zimeshuka hadi 2666, lakini zimekaa kwa chaneli mbili, yaani kila moja na barabara yake ya data, zinapitisha karibu 43. Umeona? Mbili za pole zimemwacha yule mmoja wa fancy huko nyuma kabisa. Kama unacheza gemu na Ryzen 5 5600G, ile haina kadi ya grafiksi, inaazima RAM kuchora picha, hii si hesabu ya makaratasi. Utaiona kwa macho. Gemu ilikuwa inakatika katika inaanza kuteleza.

So ukiwa na stiki moja ya 8GB, dawa ni kuongeza 8GB ingine, hata ikiwa ya kampuni ingine, hata ikiwa ya spidi ya chini kidogo. Usiuze hiyo yako ununue moja ya 16GB. Na kama umepata 4GB tu, bado chukua. Kwa Intel kuna kitu wanaita Flex: ukiwa na 8 na 4, ile 4 inashikana na 4 ya mwenzake zinafanya chaneli mbili, na zile 4 zimebaki zinafanya kivyao. Si safi kama mbili sawa, lakini ni 12GB na ulikuwa na 8.

Mahali pa kupachika nako kuna siri. Sloti zikiwa nne, mara nyingi stiki mbili zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Si ya kwanza na ya pili juu ziko karibu. Ukijaza zote nne, zile zinafanana zipe chaneli tofauti: mapacha ya kwanza kwa ya pili na ya nne, mapacha ya pili kwa ya kwanza na ya tatu. Sukuma na vidole gumba viwili hadi uskie tak. Ukiskia tak moja na stiki imelala upande, sukuma tena.

Taa

Lazima tuongee kuhusu RGB, juu hapa ndio P's za wasee wa block zinapotelea. Stiki ya taa inakugharimu zaidi ya ile ya bila taa, na ndani inaeza kuwa na chips zile zile. Ni nganya ya Rongai imepigwa graffiti, disco, subwoofer, na injini ni ya mat ya kawaida. Poa, nganya ni form, mimi siwezi kataa nganya. Lakini ukichanganya taa za kampuni mbili utahitaji programu mbili zinapigania nani anawasha nyekundu, na zote zinakula hiyo RAM umeongeza. Na kuna wasee nawajua wako na RGB ndani ya kesi ya chuma haina kioo. Taa ni za nani? Za vumbi?

DDR5 ni ligi ingine

Hapa nabadilisha tone. Yote nimekushow ni ya DDR4 kurudi nyuma. DDR5 usichanganye kama una chaguo. Spidi ziko juu sana hadi waya za kwa mazabodi zenyewe zinakuwa shida, na stiki nne ni msiba. AMD wenyewe wameandika: Ryzen 7000 na stiki mbili ni 5200, na stiki nne inashuka hadi 3600. Hiyo ni official, si maneno ya mtaani. So ukiwa AM5 na stiki mbili za 8GB, usiongeze mbili. Uza hizo, na kwa bei za saa hii utashangaa venye zinauzika, kisha ununue mbili kubwa za boksi moja.

Na ukiwasha DDR5 mpya mara ya kwanza, skrini inaeza kukaa nyeusi madakika. Inajifunza memory. Wacha. Usizime. Uncle akiwa hapo mshike mkono, juu ataenda kwa switch ya ukuta moja kwa moja akisema "izime ipumzike".

Utatoa wapi

Uncle atakutuma Tottenham Court Road. Enyewe kitambo hiyo barabara ilikuwa Luthuli ya London, maduka ya electronics mlango kwa mlango. Saa hii ukishuka pale na Elizabeth line utapata kahawa, makochi ya bei ya gari, na watu wanapiga mbica. Maduka yenyewe karibu yote yamehama. CeX ilianza London 1992, na bado ndio base yangu ya kwanza: RAM ya mtumba, imetestiwa, iko na warranty, na bei iko kwa website hata kabla haujatoka kitandani. Linganisha matawi, chukua basi, na Hopper inakupa mabasi mengine bure ndani ya saa moja.

Ukiogopa kufungua kesi mwenyewe, usiende kwa Uncle. Camden, Queen's Crescent, kuna Fixing Factory ya wasee wa Restart Project, wanakusaidia kurekebisha vitu vya umeme badala ya kutupa. Restart Project ilianzishwa hapa na Janet Gunter na Ugo Vallauri, na zile Restart Party zao zimekuwa zikipigwa tangu 2012. Unaleta mashini, mnafungua pamoja, unaenda nyumbani ukijua kitu. Hakuna anayekucheka.

Marketplace ni bei poa lakini ujue unaingia nini. Ukinunua kwa duka la online, sheria ya 2013 inakupa siku 14 kubadilisha mawazo. Ukinunua kwa mfanyabiashara na kitu ni kibovu, Consumer Rights Act ya 2015 inakupa siku 30 kurudisha na kupewa doh yako yote. Ukinunua kwa msee binafsi nje ya station ya Stratford, hizo haki hazikufuati. Akishaingia kwa train ni wewe na Mungu wako. So kwa msee binafsi lipa bei ya msee binafsi, si bei ya duka.

Halafu jioni hiyo hiyo, usianze gemu. Pakua MemTest86+, programu ya bure ya kutesti RAM, iweke kwa flash, washa PC nayo, uende ulale. RAM mbovu haikuangi na adabu ya kufa mbele yako. Inangoja essay ya uni iko page ya mwisho ndio ikupe skrini ya bluu. Asubuhi ukikuta hakuna nyekundu, umeomoka, mchanganyiko wako ni safi. Ukikuta nyekundu, shusha spidi kwa BIOS urudie, juu wakati mwingine stiki ni nzima na ni spidi tu zimegombana. Bado nyekundu? Toa moja, testi ingine. Badilisha. Ile inaleta nyekundu ikiwa peke yake ndio mwizi.

Piga picha ya hiyo skrini, beba risiti, rudi dukani kabla siku 30 ziishe. Wakianza ile story ya "kwani ulichanganya na ingine?", wawekee kwa counter ile picha ya stiki ikitestiwa solo. Wakiendelea kubisha, nitext, tuende wawili.